Siku Mbili Kabla ya Jembe

Mazungumzo ya leo ni ya mgeni. Wahenga walimhesabia mgeni siku mbili, ya tatu wakamkabidhi jembe akalime. Nataka tuzungumzie hizo siku mbili, kwa sababu mgeni wa Mombasa siku hizi hapewi hata moja iliyokamilika.

Simama nje ya Ngome ya Yesu (Fort Jesus) saa nne za asubuhi, siku ambayo meli ya watalii imetia nanga Kilindini. Mabasi yamepangana, watu wanashuka na kofia zao pana na chupa za maji, na mtembezaji anainua mkono ili kundi lake lisichanganyike na la mwenzake. Saa moja Ngomeni. Nusu saa Mji wa Kale, kwa mwendo wa haraka. Dakika chache Marikiti kununua iliki na mdalasini, picha chini ya Pembe za Ndovu, kisha Changamwe kwa Wakamba wachonga vinyago. Saa saba mgeni huyo amesharudi melini au hotelini kwake Nyali, anakula chipsi na kuambiwa ameiona Mombasa.

Huko wanakotoka wengi wao, safari ya mji ina desturi yake. Mtu hutoka kazini Ijumaa, akapanda ndege au treni, akalala Lisbon au Roma au Prague usiku wa kwanza na wa pili, na Jumatatu yuko mezani kwake kama kawaida. Mkononi ana orodha: kanisa hili, daraja lile, makumbusho, mkahawa ambao kila mtu amepiga picha mbele yake. Orodha hizo zimewatajirisha watu wa miji hiyo, na zimewachosha pia. Venice, tarehe 25 Aprili 2024, ilianza kumtoza euro tano mgeni anayeingia mchana na kuondoka bila kulala, kwa baadhi ya siku za msongamano. Barcelona, Julai mwaka huohuo, wenyeji waliandamana hadi wakawarushia watalii maji kwa bastola za kuchezea za watoto. Sisi hatujafika huko, na siombi tufike. Hata hivyo lile kosa la Venice, mgeni wa kupita bila kulala, tunalo hapa kwetu, tena tunalipanga wenyewe.

Kauli yangu ni hii: Mombasa ni mji wa saa zake. Ukiingia kati ya saa nne na saa saba za mchana, umeingia wakati wenyeji wako kazini au wako ndani wakikwepa jua, na utakachokiona ni kuta. Mji wenyewe huonekana baada ya alfajiri, na tena baada ya alasiri mpaka usiku. Kwa hiyo mgeni alale. Alale kisiwani, asilale ng'ambo.

Mgeni mashuhuri aliyelala hapa alilala usiku mmoja tu. Ibn Battuta, mtu wa Tanja kule Moroko, alipita Mombasa mwaka 1331 akiwa safarini kwenda Kilwa. Usiku mmoja, lakini tazama alichotoka nacho. Aliona misikiti ya mbao iliyojengwa imara, na milangoni mwake visima vya kina kifupi ambavyo watu huteka maji wakaosha miguu kabla ya kuingia. Aliona watu wanatembea pekupeku. Aliona kwamba kisiwa hakilimi nafaka, kinaletewa, na kwamba chakula cha watu ni ndizi na samaki. Akala tunda dogo lenye kokwa mithili ya zeituni, akalisifu kwa utamu. Ni zambarau zile zile ambazo msimu wake ukifika unazikuta zimemwagwa juu ya gunia kando ya barabara, na watoto wa shule wanarudi nyumbani ndimi zimekuwa za rangi yake. Bwana yule aliangalia watu wanavyonawa na wanachokula, na habari yake bado tunaisoma leo.

Mgeni mwingine hakulala hata huo mmoja. Vasco da Gama alitia nanga nje ya mji tarehe 7 Aprili 1498 na hakuthubutu kushuka. Mfalme wa Mombasa alimpelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Naye akatuma watu wawili pwani wakautazame mji, akachagua wahalifu aliokuja nao, ambao wakipotea si hasara kwake. Wawili hao wakapokewa, wakatembezwa, wakaonyeshwa jumba la mfalme na wakarudishwa salama. Kwa maandishi tuliyo nayo, hao ndio Wazungu wa kwanza kutembezwa Mombasa, na walitembezwa vizuri. Tarehe 13 meli zikang'oa nanga kwenda Malindi. Miaka saba baadaye, Agosti 1505, Mreno mwenzake Francisco de Almeida alikuja na merikebu za vita, akaupora mji na kuuchoma moto.

Nimeyatanguliza hayo kwa sababu Ngome haieleweki bila ya hayo, na Ngome ndiyo inayotajwa ya kwanza katika kila orodha. Haki yake. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, fundi wa Kiitaliano kutoka Milan, na mwaka 2011 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia. Lakini mtembezaji mwenye saa moja humaliza dakika zake kwenye mizinga. Mimi ningemkalisha mgeni mbele ya ule ukuta wenye michoro ya mabaharia wa Kireno. Walichora kwa makaa na udongo mwekundu: merikebu zenye matanga, makanisa, watu, samaki. Hakuna aliyewatuma. Ni michoro ya watu waliokuwa wakingoja: zamu iishe, meli ifike, barua ije kutoka Goa. Ukiitazama kwa muda, wale wajenzi wa ngome wanaanza kuonekana kama vijana waliopelekwa mbali na kwao.

Kisha ningemsimulia juu ya kuzingirwa. Waomani waliizunguka Ngome kuanzia Machi 1696 na wakaingia Desemba 1698, karibu miezi thelathini na tatu. Vitabu vya shule hutwambia ilikuwa vita ya Mreno na Mwarabu, basi. Lakini ndani ya zile kuta walikuwamo Waswahili wengi, wanaume kwa wanawake, na mwaka 1697, Wareno walipokwisha kwa maradhi, aliyeishikilia Ngome kwa muda alikuwa Bwana Daud wa Faza na watu wake. Mtu wa kisiwa cha Pate anailinda ngome ya Mreno dhidi ya Mwomani, hapa kwetu! Siasa za pwani hazijawahi kuwa za pande mbili. Mwaka huohuo wa 1697 meli ya Kireno iitwayo Santo António de Tanná ilizama chini ya kuta, ikalala matopeni mpaka wapiga mbizi walipoichimbua kuanzia 1977. Vitu vyake vimo mle mle makumbushoni, na wageni wengi hupita mbele yake wakitafuta choo.

Baadaye Ngome ilikuja kuwa gereza la Mwingereza, kutoka 1895 hadi 1958, miaka sitini na zaidi. Mtu wa Mombasa wa kizazi kile akisikia Ngomeni hakufikiria makumbusho.

Na wewe msikilizaji mwenye ndugu Ulaya, ukijaaliwa viza na tikiti, nusu ya pili ya habari hii iko Lisbon, upande wa Belém. Pale ipo nyumba ya watawa ya Jerónimos, iliyoanzwa kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500, na sehemu ya gharama yake ilitoka kwenye kodi ya biashara ya Afrika na Mashariki. Kaburi la Vasco da Gama limo ndani. Mawe yake yamechongwa kamba, nanga na matumbawe, kazi ya mikono ambayo huwezi kuibeza. Habari wanayoisimulia kule huanzia kwenye kuondoka kwa meli. Ya kufika kwake tunayo sisi, na ndiyo mgeni wa Ulaya hajawahi kuambiwa akiwa kwao.

Tutoke Ngomeni tuingie Mji wa Kale, na nasema tuingie jioni. Ndia Kuu mchana ni maduka ya vinyago na mashati, kila mwenye duka anakuita rafiki. Baada ya alasiri maduka hayo hupunguza kelele na mji unawarudia wenyewe. Nyumba nyingi unazoziona si za kale hivyo, ni za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ile ya 20, na roshani zake za mbao zina mkono wa mafundi wa Kihindi ndani yake. Cha kale zaidi ni Msikiti wa Mandhry, ambao mapokeo yanauweka mwaka 1570, na mnara wake mweupe ungali unasimama. Shuka mpaka Leven House, nyumba ya wakati wa yule Kapteni Owen wa Kiingereza aliyeuweka mji chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1824 kwa muda mfupi. Krapf mmishonari, aliyefika Mombasa 1844, naye alipita humo. Karibu na Ngome yapo makaburi ya ukoo wa Wamazrui, na hapo alizikwa Profesa Ali Mazrui Oktoba 2014, baada ya maisha marefu ya usomi nje ya nchi. Sijasikia mtembezaji akimpeleka mgeni pale. Labda wapo.

Utakuta pia kuta nyeupe zenye kingo za buluu. Hiyo ni amri ya serikali ya kaunti ya mwaka 2018, iliyotaka majengo ya mji yavae rangi hizo mbili. Wengine wamependa. Mimi naona chokaa ilikuwa inatutosha, na kwamba buluu ile imetoka kwenye kalenda ya Ugiriki.

Jambo moja la adabu, nalisema kwa wageni na kwa wanaowaleta. Watu wa Mji wa Kale wanaishi mle. Mwanamke aliyekaa mlangoni kwake hakukaa ili apigwe picha, na mtoto anayecheza uchochoroni ana mzazi wa kuombwa ruhusa. Salimu kwanza. Ukisalimu utaitikiwa, na ukiitikiwa mara nyingi utakaribishwa, na hapo ndipo utamsikia muuza kahawa akija kwa mlio wa vikombe vyake, kimoja juu ya kingine, dele lake limekalia makaa. Kahawa ni chungu, kikombe ni kidogo, kashata iko pembeni. Kaa barazani na wazee. Hawatakuuliza mengi. Wakishajua umetoka wapi wataendelea na habari zao za mpira na siasa, na wewe unywe.

Sasa Majengo. Mimi mkaazi wa Majengo, kwa hiyo mnisikilize mkijua naupenda mtaa wangu. Hakuna orodha ya wageni inayoutaja. Gari la watalii likipita huku, limepotea njia au dereva anakwepa foleni. Na bado mtu anayetaka kujua Mombasa ya karne ya 20 ilivyokuwa, akitoka Mwembe Tayari kwa miguu, asubuhi mapema, atajifunza huku mambo ambayo Ndia Kuu haimwambii.

Aanze na nyumba. Nyumba ya Kiswahili ya Majengo ina baraza mbele, mlango katikati, na ukumbi mrefu unaopita moja kwa moja mpaka uani. Vyumba vitatu huku, vitatu huku. Uani kuna jiko, choo, kamba za kuanikia, na pengine kisima. Mwenye nyumba analala chumba kimoja au viwili, vingine anapangisha. Humo ndimo walimofikia watu waliokuja kufanya kazi bandarini na kwenye reli, Wadigo na Wamijikenda wengine, Waswahili waliobanwa mjini, Waarabu wa Hadhramaut, watu wa bara, watu wa Ngazija, na wakapanga ukumbi mmoja. Huwezi kuishi na mtu ukumbi mmoja miaka kumi usijue anaswali lini, anapika nini na mtoto wake anaumwa nini. Wanaozungumzia kuishi pamoja kwenye makongamano wangeanzia uani.

Halafu kuna lile ambalo mgeni hulishangaa sana akielezwa, nalo ni nyumba bila shamba. Mwenye nyumba anamiliki kuta, paa na milango. Ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine, naye hulipwa kodi yake. Nyumba inaweza kuuzwa, kurithiwa, kuwekwa rehani mdomoni kwa mashahidi, na ardhi isiguswe. Kwa miaka mingi watu wengi wa mji huu wamelala juu ya mapatano ya namna hiyo. Ndiyo maana wengi walijenga kwa miti, udongo na makuti, kisha mabati: nani atamwaga zege kwenye ardhi ya mwenzake? Na ndiyo maana leo, ardhi ikinunuliwa, nyumba ya vyumba sita inatoweka na ghorofa nyembamba linapanda mahali pake, halina baraza. Katika kila uchochoro wa Majengo utakuta vyote viwili ubavu kwa ubavu. Mgeni akitaka kuona mji unavyobadilika mbele ya macho yake, hana haja ya makumbusho.

Asubuhi akute mahamri yanatolewa mafutani. Mama mpishi ameyasukuma, ameyakata pembe nne, anayatia mawili mawili, nayo yanafura na kugeuka yenyewe kabla hajayagusa kwa kijiko. Mbaazi za nazi ziko pembeni kwenye sufuria, nzito, na watoto wamepanga foleni na mabakuli kutoka nyumbani. Jioni kuna viazi karai, mshikaki, bajia, ukwaju wa kuchovya. Akija Ramadhani aje na tumbo tupu, ajitie kwenye mstari baada ya magharibi kama watu wengine.

Kwa Majengo naomba jambo moja tu: asije mtu na basi la watu thelathini kutazama umaskini wa watu. Biashara hiyo ipo kwenye miji mingine, siitaki kwetu. Aje mmoja au wawili, na mwenyeji wanayemjua, wanunue chai, waende zao.

Yaliyobaki nitayapita haraka. Pembe za Ndovu pale Moi Avenue ni bati la aluminiamu, zilisimamishwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ziara za kifalme za Uingereza. Dakika mbili zinatosha, na angalia magari. Kanisa kuu la Waanglikana lenye kuba la namna ya msikiti linastahili kituo. Mtaa wa Biashara usipitwe na mwanamke yeyote, wala na mwanamume anayetaka kurudi nyumbani kwa amani: leso ziko pale, na duka la Kaderdina, lile la Mali ya Abdulla, limekuwepo tangu 1887. Soma maneno kabla hujanunua, maana leso ukimpa mtu umemwambia kitu.

Machweo nenda Mama Ngina. Bustani ilitengenezwa upya na kufunguliwa Mashujaa Dei ya 2019, na mibuyu iliachwa, jambo ambalo nalitolea shukrani. Nunua muhogo wa kukaanga, pilipili na ndimu juu yake, kaa kwenye ngazi. Meli za makontena huingia mlango wa Kilindini karibu nawe kiasi cha kumwona baharia aliyesimama juu, huku tagi, ile boti ya kuvuta meli, ikizisindikiza. Sijui mji wa Ulaya unaotoa tamasha hilo kwa bei ya muhogo. Ukitaka zaidi, panda feri ya Likoni ukiwa kwa miguu. Mtembea kwa miguu halipi, na upepo wa mle katikati umewatibu wengi ambao hawakujua wanaumwa.

Nimezungumza kana kwamba mgeni ni Mzungu tu, na si hivyo. Mgeni wetu mkubwa ni ndugu zetu wa bara. Tangu treni ya Madaraka Express izinduliwe 31 Mei 2017, wikendi ndefu ikifika wanashuka Miritini kwa mamia, na wengi wanapitiliza Nyali, Bamburi na Diani bila kulala kisiwani usiku mmoja. Hawana kosa. Hatujawaambia kuna nini huku, na tukiulizwa tunawaelekeza ufuoni. Pesa nazo zinafuata mtu anapolala: aliyelala kisiwani atanunua mahamri ya mama wa jirani, atapanda tuktuk ya kijana wa mtaani, atakula mtaa wa Kibokoni. Aliyelala hotelini ng'ambo amelipa kila kitu mlangoni.

Na wenyeji je? Nenda mtaa wowote huku Majengo, uliza vijana wa miaka ishirini ni wangapi wameingia Ngomeni, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka walipozaliwa. Majibu hayapendezi. Wengine walipelekwa mara moja na shule, wakakumbuka mifupa ya nyangumi, basi. Mtoto asiyeingia Ngomeni ataijuaje habari ya Bwana Daud, na atamsimulia nani akija kuwa mtembezaji?

Kwa hiyo naomba mawili. Mwenye mgeni wikendi hii, mlaze kisiwani usiku wa kwanza na wa pili, mwamshe kabla jua halijapanda, na mchana mwache apumzike kama tunavyopumzika sisi. Na mwenye watoto, Ngome hufunguliwa kila siku, Jumapili na sikukuu pia. Mkazi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje. Nenda na kitambulisho chako, na uwaambie watoto wakusubiri mbele ya ule ukuta wa michoro.